Gari ya Pasta Si Tangi

Nimestaafu. Chekeni kwanza, mkimaliza mketi mnisikilize. Najua mstaafu mnayemjua nyinyi ana kofia, bakora na mjukuu wa kumtuma dukani, na mimi bado naulizwa na mwalimu wa zamu kwa nini shati langu liko nje. Lakini kazi nimeifanya, likizo baada ya likizo, tangu nilipotoka darasa la nane. Sasa mtihani wa Form Four unanikodolea macho, na mama ameapa kwamba akinipata tena nimejikunja chini ya dashibodi ya mtu, ataniacha nilale huko huko. Anko Mulwa anatafuta mtu wa kuchukua nafasi yangu. Nimesikia kuna Form One fulani wameanza kujipendekeza kwake, wanamwamkia asubuhi na wakikutana naye tena saa nne wanamwamkia upya. Nyinyi ndio nawaandikia.

Kazi yenyewe ni kutoa maji ndani ya gari. Si kuosha gari, hiyo ni kazi ya mtu yeyote mwenye ndoo na ubishi. Nasema maji ambayo hayakualikwa. Unaingia, kapeti inalia chwaa chini ya kiatu. Asubuhi vioo vimetoka jasho kwa ndani. Halafu kuna ile harufu, kama soksi iliyosahaulika chini ya kitanda cha bweni tangu muhula uliopita.

Mtaniuliza, Kitui na maji wapi na wapi? Hapo hapo ndipo penye shida. Huku kwetu jua linakula raba za milango mwaka mzima, na hakuna anayejua kwa sababu hakuna mvua ya kumwambia. Novemba ikifika, mvua inashuka yote kwa pamoja kama imefukuzwa huko juu, na kila mwenye gari anakuja mbio kwa Anko Mulwa akilia ameonewa.

Anko Mulwa ni ndugu ya mama. Banda lake liko hapa Matinyani, karibu na kisiagi cha mahindi. Amegonga mabati ya magari kwa nyundo tangu kabla sijazaliwa, na mabati yamelipiza kisasi kwa kumchukua masikio. Ukimwambia kitu anasema, "Ati?" Ukirudia anasema, "Usinipigie kelele!" Katikati ya hiyo "Ati" na hiyo "Usinipigie kelele" ndipo mtafanyia kazi. Zoeeni mapema.

Siku yangu ya kwanza aliniwekea pikapu moja mbele, akaniambia nitafute inapoingiza maji, kisha akaenda kunywa chai. Mimi nikajiona mjanja. Kama ni maji yanaingia, si unamwaga maji uone? Nikachukua mtungi uliokuwa nyuma ya banda, nikapanda juu ya tairi kuukuu, nikaanza kumwaga juu ya gari huku napiga mluzi. Wakati huo huo kina mama walikuwa wanarudi mtoni na punda. Na mto wetu mnaujua: ni mchanga. Unachimba, unangoja maji yajikusanye, unachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka mgongo ukusahau. Aliyekuwa mbele akasimamisha punda wake.

"Kijana," akaniuliza, kwa ule upole unaotangulia kofi, "gari yenu imesikia kiu?"

"Hapana, mama. Natafuta inapovuja."

"Basi umepata. Inavuja hapo mkononi mwako."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akashikilia punda asianguke. Anko alitoka na kikombe chake, akaona udongo umelowa, akaona mtungi mtupu, akaniona mimi. Alinipa mtungi, akanionyesha mkia wa punda wa mwisho, nikaufuata mpaka mtoni safari yao iliyofuata. Nilichekwa kwenda na kurudi, na bado kuna mama mmoja ambaye akiniona sokoni ananiuliza kama gari imekunywa.

Kesho yake nikafundishwa njia ya huku kwetu, na hii muishike vizuri kwa sababu hamtaisoma kwenye kitabu chochote cha maktaba yetu, ambayo nayo inavuja. Unapangusa ndani ya milango mpaka raba na bati ziwe safi kabisa. Unafunga vioo vyote. Kisha gari inapelekwa kwenye barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu, wakati wa kiangazi, ikiwezekana nyuma ya lori, na mnakula vumbi kama mlilipia. Mkirudi, msifungue milango kwa pupa. Fungua pole pole uchungulie. Mahali raba imekufa, vumbi limechora mstari mwekundu kwa ndani, mwembamba kama wa penseli. Penye mstari, maji yatapita hapo Novemba. Unaweka alama ya chaki, unabadilisha raba, mnarudi tena barabarani kuhakikisha. Watu wa Nairobi sijui wanatumia nini. Sisi tunatumia kile Mungu alitupa bila kupima.

Sasa nitaanza kukasirika, mnivumilie.

Adui wa kazi hii si maji. Ni mwenye gari. Mwenye gari akiona kapeti imelowa, hatibu kapeti, anatibu pua. Anaweka kahawa kwenye kopo. Anaweka makaa. Kuna mmoja aliweka kitunguu kilichokatwa katikati, ati kinavuta unyevu, na akaja kwetu na gari inayonuka kuvu na kachumbari. Kuna mwalimu wa kule Kitui mjini, mtu mwenye suti, alifunika kapeti iliyolowa kwa kapeti mpya, juu yake akatandika gunia, juu ya gunia magazeti. Tulipofunua tulikuta uyoga. Sitanii. Uyoga mweupe, mdogo, umesimama wima kama mtu anayengoja kuitwa jina.

"Huo si wangu," mwalimu akasema.

"Ni wa nani?" nikamuuliza. "Ulikuwa umeubeba?"

Anko alinitazama vile anavyonitazama, nikaenda kutafuta bisibisi ambayo haikuwa imepotea.

Kwa hivyo sikilizeni. Chini ya kapeti kuna sponji nene kama godoro. Kapeti inakauka juu kwa mchana mmoja na mwenye gari anafurahi, kumbe godoro limeshiba maji chini. Usipapase kwa kiganja, kiganja hudanganya. Piga goti, uegemeze uzito wote, uhesabu pole pole kama mtu anayeomba akiwa na haraka. Goti likilowa, ng'oa kapeti yote. Usibembeleze. Halafu chukua maji hayo kidogo katikati ya vidole. Ya mvua ni ya kawaida, yananuka udongo. Yakiteleza kama yametiwa sabuni na yana harufu tamu tamu, hayo yametoka kwa radieta, paipu ya hita imepasuka nyuma ya dashibodi, na mnaweza kubadilisha raba za milango mpaka mzeeke. Msiyaonje. Anko huyaonja, lakini Anko pia hulala kwenye shimo la kutengenezea magari na buti zake, si kila kitu chake ni cha kuigwa.

Haya. Gari ya Pasta.

Pasta wetu alikuwa na stesheni wagoni ya rangi ya maziwa, kubwa, ya kubebea kwaya na ngoma zake. Mwaka ule kanisa lilimhamisha kutoka hapa Matinyani kwenda Nunguni. Kama hamjafika Nunguni, ni kule juu Makueni, kwenye baridi, ukungu na kabeji. Maji yanatiririka kando ya barabara bure, hakuna hata mtu anayeyaangalia. Nilipoona mara ya kwanza nilitaka kuripoti kwa chifu.

Kabla ya kuhama, Pasta alianza kupanda huko kuhubiri, na kila akirudi gari ilikuwa imelowa zaidi. Kapeti, viti, mpaka kitabu cha nyimbo kilikuwa kimevimba kama mkate. Na Mama Pasta, mke wake, ana pumu. Siku moja wakienda Kitui mjini ilibidi ashuke njiani. Alishikilia mlango wa gari, kifua kinapiga mluzi kama birika, na Pasta amesimama hapo na kofia mkononi hajui aipeleke wapi. Walirudi nyumbani kwa miguu, gari imeachwa kando ya barabara kama mbuzi aliyekataa kutembea.

Jumapili iliyofuata Mama Pasta aliwaambia wanakwaya wenzake, nje ya kanisa, watu wakisikia: "Hii gari ikikauka nitaenda Nunguni. Isipokauka, Baba Mwende, huyu Pasta wenu, ataenda na kuvu yake, mimi nitabaki hapa na kuku wangu."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Kufikia jioni Matinyani nzima ilikuwa inajua Pasta ameachwa.

Pasta alituletea gari siku iliyofuata. Ni mtu wa kuhubiri mpaka mbuzi wa jirani wanajuta, lakini hiyo siku aliongea kwa sauti ndogo, na kwa kuwa Anko hasikii sauti ndogo, aliniambia mimi.

"Mutua, kijana wangu, kule juu hospitali iko mbali. Kifua chake kikifunga, nitambeba na gari gani? Ni hii. Na ni hii hii inayomfunga kifua."

"Tutaikausha, Pasta," nikasema.

"Mzee Kimeu ameshaishughulikia," akasema, "lakini naona imezidi."

Hapo ningepaswa kushtuka. Mzee Kimeu ni mzee wa kanisa na ni fundi wa matangi. Matangi mengi ya maji ya mvua mnayoona kutoka hapa mpaka Mbumbuni, ya bati na ya simiti, ni mkono wake. Tangi ya Kimeu haivuji. Mtu akitaka kusifu kitu huku kwetu anasema kimeshika kama tangi ya Kimeu. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa kikao juu ya gari ya Pasta, kikao kizima, na chai, wakaamua kwamba kwa kuwa shida ni maji, aitwe mtu wa maji. Watu wazima hao. Wenye vitambulisho.

Basi tukaanza. Tukapangusa, tukafunga vioo, tukaipeleka barabarani nyuma ya lori la mchanga. Vumbi lilikuwa zito, Anko anaendesha kwa kunusa. Tuliporudi, nikafungua mlango wa kwanza pole pole. Hakuna mstari. Wa pili, hakuna. Yote minne na wa nyuma, safi kama sahani ya mgeni. Kimeu alikuwa amezungushia milango mpira wa tyubu ya baiskeli, umekazwa hata mchwa hapiti. Na bado nilipopiga goti kwenye kapeti, suruali ililowa mpaka pajani.

"Haiingizi vumbi," Anko akasema. "Basi haiingizi maji."

"Anko, goti hili."

"Ati?"

"GOTI LIMELOWA!"

"Usinipigie kelele! Labda ulijikojolea!"

Tulibishana mpaka jua likaelekea kuchwa. Aliangalia paipu za hita, kavu. Alisugua maji vidoleni, akayaonja, akasema ni ya mvua. Mvua gani, na ilikuwa imepita siku nyingi bila wingu? Alikaa juu ya ndoo akakasirika, nami nikakasirika, na kwa hasira nikabamiza mlango wa dereva.

Chubwi.

Nikaufungua, nikaubamiza tena. Chubwi. Ndani ya mlango wenyewe, chini ya pale unapopumzisha mkono, kitu kilicheza kama maji kwenye tumbo la punda anayekimbia. Nikazunguka milango mingine. Yote ilikuwa inasema chubwi. Anko alikuwa ameifungua na kuifunga tangu asubuhi na hangeweza kuisikia hata kwa neema. Nikamshika mkono, nikaubandika kwenye bati la mlango, nikautikisa. Aliusikia kwa kiganja. Macho yakamtoka.

Akalala chini ya gari, nikalala kando yake, na tukaona kazi ya Mzee Kimeu. Naomba muelewe kitu hapa, kwa sababu kazi yote imesimama juu yake. Mlango wa gari huingiza maji. Kila mlango, wa kila gari, hata ikiwa mpya. Kioo kinashuka ndani ya mlango kupitia mwanya, na maji ya mvua yanakifuata kioo humo ndani. Hakuna raba ya kuyazuia yote, na waliotengeneza gari wanajua. Ndiyo maana wameacha matundu madogo chini kabisa ya mlango, ili maji yaliyoingia juu yatoke chini. Mzee Kimeu aliona matundu chini ya chombo chenye maji. Mtu wa Kitui akiona tundu chini ya chombo chenye maji hafikirii, mkono wenyewe unaenda. Aliyaziba yote kwa lami. Ya milango, ya sakafu, kila moja, kwa ustadi, akalainisha kwa kidole. Milango ikajaa Nunguni, ikarudi imejaa Matinyani, na kila gari ikiinama kwenye kona, maji yanaruka juu ya ukingo wa ndani yanamwagikia kapeti.

"Toboa," nikamwambia Anko.

Kwa mara ya kwanza alisikia mara moja, lakini hakusogea. Tangi ya nyumbani kwake ni ya Kimeu. Tena Kimeu ndiye mzee wa kanisa anayesimamia mtaa wetu.

"Mwite mwenyewe aje," akasema.

Mzee Kimeu alikuja na Pasta, na nyuma yao Mama Pasta na leso yake puani, na nyuma ya Mama Pasta wale wote ambao hawakuwa na kazi. Nilieleza. Nilieleza vizuri kabisa, bila utani hata mmoja. Mzee alinisikiliza mikono nyuma.

"Mimi," akasema, "nimeziba maji tangu huyu hajajua kupangusa makamasi. Kuna tangi yangu imewahi kuvuja? Semeni."

Watu walitikisa vichwa.

"Sasa anataka gari ya mtumishi itobolewe. Maji yakiingia kutoka chini?"

"Mzee," nikasema, "mvua ya Nunguni hutoka chini?"

"Mutua!" Anko akanguruma.

"Huko juu barabara zina madimbwi!" Mzee akafoka.

"Dimbwi la kufika hapo, Pasta atahitaji mashua, si gari."

Hapo nilikuwa karibu kupigwa, tena na mtu wa kanisa. Pasta alikuwa anaangalia lami, anaangalia mzee wake, anaangalia lami. Alifungua mdomo, nikajua kabisa atasema tuombe. Mama Pasta akampita. Alishika mlango wa dereva, akaufunga, akausikiliza. Akaufungua, akaufunga tena. Chubwi.

"Hiyo ndiyo nimekuwa nikivuta?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Toboa."

"Mama Mwende," Mzee Kimeu akaanza.

"Mzee, kifua ni changu. Mutua, toboa."

Nikaingia chini na bisibisi. Lami yake ilikuwa ngumu, lazima niseme ukweli, ilibidi niigonge na nyundo. Ilipobanduka, maji yalinipiga usoni. Yalikuwa mekundu, yenye harufu ya kila soksi niliyowahi kuijua, na yalitoka kwa nguvu kama bomba. Kabla sijafuta macho nikasikia "Aiya! Aiya! Yanamwagika!" na beseni likaingia chini ya gari kutoka upande mwingine, likanigonga sikio. Ni yule mama wa punda. Nikahamia mlango wa pili, beseni la pili likanifuata. Watu walikimbia nyumbani kuleta vyombo. Yale maji, ndugu zangu, hata nguruwe angeyafikiria kwanza, lakini yalibebwa yote mpaka tone la mwisho kumwagilia sukuma wiki.

Nilipotoka, nimepakwa matope mpaka meno, Mzee Kimeu alikuwa amepiga goti moja anaangalia mlango wa mwisho ukimwaga. Ulimwaga, ukamwaga. Uso wake haukuwa na aibu hata kidogo. Aliinuka, akapangusa goti.

"Yote hayo," akasema, "na haikuvuja hata tone."

Niliacha. Kuna watu huwezi.

Kukausha kulikuwa kazi ya jua, na jua tunalo. Tuling'oa viti, kapeti na yale magodoro ya chini, tukafua kwa sabuni mpaka kuvu ikaacha kutoka, tukaanika juu ya ua wa miiba. Hapa kuna jambo: anikeni kila kitu mbalimbali, na gari yenyewe iwe wazi milango yote. Mkifungia unyevu ndani ya gari juani, mnaipika tu, na kuvu hupenda kupikwa. Mbuzi alikula kona ya kapeti ya nyuma. Kona hiyo haipo mpaka leo.

Wakati huo Anko alifungua pale chini ya waipa, mbele ya kioo, penye matundu ya kupitisha hewa, akatoa majani ya mgunga konzi kwa konzi. Yale madogo madogo. Pasta alikuwa akiegesha gari chini ya mgunga wa kanisa, kwenye kivuli, na majani yameziba njia ya maji, ndiyo sababu miguu ya abiria ilianza kulowa kabla hata ya Kimeu kuguswa na roho ya lami. Na hapa nitasema kitu huku nimeuma meno: Mzee Kimeu alipoona yale majani, aliondoka bila kuaga, akarudi na kipande cha wavu mwembamba wa waya, ule anaoweka kwenye mdomo wa gata majani yasiingie tangini. Aliukata, akaukunja, akauweka pale chini ya waipa, ukakaa kama ulizaliwa hapo. Ni mzuri. Sisi tunautumia sasa kwa kila gari inayolala chini ya mti. Akija bandani na kuwaambia ni yeye aliyeokoa gari ya Pasta, mnyamaze. Mimi nilijaribu kubisha, nikaumwa kichwa.

Siku ya safari, Mama Pasta alitoa masharti. Angekaa mbele. Vioo vyote vingefungwa toka hapa mpaka Nunguni, apate kujua kabisa. Na mimi ningekaa nyuma, pale palipokuwa pakilowa zaidi. "Wewe ndiye ulisema imekauka," akaniambia. "Ukilowa, utashuka hapo hapo ulipolowa."

Nilikaa na vitambaa vyangu vya kupangusia mapajani. Mpaka barabara ya Mombasa kulikuwa na jua na sote tulikuwa tunaiva humo ndani. Kisha tukaanza kupanda vilima, ukungu ukashuka, na mvua ikaja. Si ile yetu ya hasira. Ni ile ya Nunguni, ya mtu asiye na haraka. Nilipiga goti kwenye sakafu ya nyuma kila kona. Kavu. Nilitia mkono chini ya kapeti. Kavu. Nikafungua kidogo tu mlango tuliposimama kupisha lori, nikasikia maji yakidondoka chini nje, to, to, to, kupitia matundu yale yale. Sijawahi kufurahia kitu kinachovuja namna hiyo.

Mama Pasta alivua viatu. Akaweka nyayo zake tupu kwenye kapeti, akazisugua pole pole. Pasta alimtazama kwa pembe ya jicho, furaha ikampanda, akafungua mdomo akaanza pambio.

"Nyamaza, Baba Mwende."

"Nini tena?"

"Nyamaza. Nasikiliza kifua."

Waipa zilikuwa zinaenda, mvua inaanguka, injini inalalamika na kilima. Mimi nilikuwa nangoja ule mluzi wa birika, nimeshikilia kitambaa kama mtu wa kusubiri matokeo. Tulipita kabeji, tukapita kabeji zingine. Mluzi haukuja. Aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho, nikadhani amelala.

"Mutua," akasema bila kugeuka.

"Naam, Mama."

"Kuku wangu wataletwa lini?"

Pasta nusura atupeleke kwenye mtaro kwa furaha. Akapiga usukani, akacheka peke yake, akasema, "Kesho! Kesho nateremka kuwachukua! Nitawabeba na hii hii!"

Na hii hii. Kapeti iliyofuliwa, magodoro yaliyoanikwa, kila uzi umepigwa goti na mimi, na sasa kuku. Wote. Na jogoo. Na maji yao ya kunywa kwenye sufuria, kwa sababu Mama Pasta alishaanza kusema safari ni ndefu wasione kiu.

Mama yangu anadhani nimeacha kazi kwa sababu ya mtihani. Mwacheni adhani hivyo. Nyinyi mnaojipendekeza kwa Anko, gari ya Pasta itateremka tena likizo hii, na harufu yake si ya maji. Muanze na viti vya nyuma.